Kipindupindu kiko daraja gani? Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya na maafa Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Afisa Mdhamini wa Wizara ya Afya, Pemba. Na Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi.

YAH: OMBI LA KUTUNGWA KWA DARAJA ZETU WENYEWE ZA VITISHO VYA KIBAIOLOJIA

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Ninaiandika barua hii nikiwa Chake Chake, mimi mstaafu wa kada ya afya niliyetumikia vituo vya afya vya vijijini na baadaye bandarini, hapa hapa Pemba, kwa zaidi ya miaka thelathini. Sisemi kwa niaba ya taasisi yoyote, wala sidai kuyajua yote yanayojadiliwa ofisini kwenu. Nina ombi moja, nalo ni kwamba Zanzibar itunge orodha yake ya vitisho vya kibaiolojia, iliyopangwa kwa uzito unaotokana na hali ya visiwa hivi, badala ya kuendelea kufundishia orodha ya Marekani kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya wilaya ya Micheweni, hapa Pemba.

Jambo hili lilinianza hivi. Miaka michache kabla ya kustaafu niliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili kuhusu ugaidi wa kibaiolojia, yaani matumizi ya makusudi ya bakteria, virusi au sumu za viumbe hai kwa nia ya kudhuru watu, mifugo au mazao. Tuligaiwa karatasi moja yenye jadweli la safu tatu, A, B na C, lote kwa Kiingereza, na mtoa mada akalisoma kutoka juu hadi chini. Alipomaliza, tabibu mmoja kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kisiwa kidogo aliinua mkono akauliza, "Kipindupindu kiko daraja gani?" Akajibiwa kuwa kiko B. Akauliza tena, "Na ndui?" Akaambiwa A. Kijana yule hajapata kumwona mgonjwa wa ndui maishani mwake, lakini alikwisha kukesha akiwatundikia dripu wagonjwa wa kipindupindu mpaka chupa zikamwishia kabla ya alfajiri. Alicheka kidogo, akakaa. Hakuongezewa neno, tukaitwa kula.

Swali lake lilikuwa na jawabu, na linapatikana katika historia ya jadweli lenyewe. Mwezi wa Juni 1999, Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Maradhi vya Marekani, vinavyojulikana kwa kifupi CDC, viliwakusanya wataalamu wa afya ya jamii na wa maradhi ya kuambukiza pamoja na watu wa jeshi, wa upelelezi na wa usalama, ili waamue ni vimelea gani ambavyo mfumo wa afya wa kiraia wa nchi hiyo uvitayarishie mwanzo. Majeshi yalikuwa na orodha zao tangu zamani, lakini orodha ya jeshi humfikiria askari, ambaye ni kijana mwenye siha, amechanjwa na yuko chini ya amri, wakati raia ni bibi kizee, ni mtoto mchanga, ni mjamzito, ni mtu anayeishi mbali na daktari. Kwa hiyo kila kimelea kilipimwa kwa mambo manne: ni watu wangapi wataugua na kufa, kinaweza kuwafikia watu wengi kwa kiasi gani, na je, mgonjwa humwambukiza mwenziwe, umma utaingiwa na hofu na mtafaruku wa kiasi gani, na ni matayarisho gani ya pekee yanayotakiwa, kama vile akiba ya dawa na chanjo, vipimo vya maabara na ufuatiliaji ulioimarishwa. Kilichopata uzito mkubwa kwa jumla kikaingia A. Kilichoenea kwa wastani na kuua wachache zaidi kikaingia B. Safu ya C ikaachiwa maradhi yanayoibuka, kama virusi vya Nipah na vya hanta, ambayo huenda yakawa tishio siku za mbele.

Naomba hapa nisisitize jambo ambalo mtoa mada wetu hakuligusa kabisa. Katika mambo hayo manne hamna hata moja linalouliza nani ana nia ya kushambulia. Herufi A haisemi kwamba shambulio liko karibu. Inasema kwamba likitokea, hospitali zitaelemewa. Hicho ni kipimo cha udhaifu wa nyumba, si cha nguvu ya mwizi, na kila nyumba ina udhaifu wake.

Chukueni ndui. Imewekwa juu kabisa kwa sababu imetoweka. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977, katika pwani hii hii ambayo majahazi ya babu zetu yaliishuka kwa pepo za kaskazi. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kuwa ndui imetokomezwa, chanjo ikasimamishwa, na kwa hivyo sehemu kubwa ya watu walio hai leo hawana kinga yoyote dhidi yake, ilhali virusi vyenyewe vimebaki katika maabara mbili zinazotambuliwa, moja ya CDC yenyewe, Atlanta nchini Marekani, na nyengine Koltsovo nchini Urusi. Kimeta, ambacho wafugaji wa Bara wanakijua vizuri kuliko madaktari wengi, kiko A kwa sababu mbegu zake hustahimili miaka mingi na kwa sababu anayekivuta pumzini hufa asipotibiwa mapema. Katika barua za kimeta za mwaka 2001 huko Marekani waliougua walikuwa 22 na waliofariki watano, lakini waliolazimika kupewa dawa za tahadhari walifika maelfu, na ofisi za posta na za Bunge zilifungwa. Botulismu, maradhi yanayoletwa na sumu ya bakteria, haiambukizi hata kidogo. Imo A kwa kuwa mgonjwa wake hupooza, akahitaji mashine ya kupumulia kwa wiki kadhaa, hivyo wagonjwa kumi wanatosha kuijaza hospitali kubwa. Kwetu sisi nadhani hata kumi ni wengi mno. Wengine waliomo humo ni tauni, tularemia (homa ya sungura), na homa za virusi zinazosababisha kutokwa na damu, zikiwemo Ebola na Marburg.

Safu ya B ndiyo ndefu. Imo brusela, imo homa ya Q, zote mbili zikitoka kwa mifugo, zimo sumu za aina kadhaa, imo salmonela na shigela chini ya usalama wa chakula, na kipindupindu chini ya usalama wa maji. Na hapa ndipo lilipo jawabu la yule tabibu. Kipindupindu kiko B kwa sababu waliokiweka wanaishi katika nchi ambayo maji ya bomba yana klorini, mifereji ya maji machafu imefunikwa, na anayeharisha hufika hospitalini kwa dakika chache. Huko kitaua wachache. Hawakukosea hata kidogo. Walijipimia nyumba yao.

Sasa tuipime ya kwetu kwa maswali yao yale yale. Kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu katika mji wa Unguja pekee. Karne moja na nusu baadaye, katika mripuko wa 2015 na 2016, hali ilifikia hatua ambayo mwezi wa Aprili 2016 Serikali ililazimika kufunga skuli zote. Mwaka 2009 baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilipewa chanjo ya kumeza ya kipindupindu, jambo lililokuwa geni Afrika wakati ule, na leo Zanzibar imejiwekea lengo la kukitokomeza ifikapo 2027. Nchi iliyoandika mpango wa miaka kumi kwa ajili ya maradhi fulani haiwezi, kwa akili timamu, kuwafundisha watumishi wake kwamba maradhi hayo ni ya daraja la pili kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa Atlanta. Kwa vigezo vile vile vinne, kwetu kipindupindu ni A. Tena ni A bila ya kumhitaji gaidi.

Sisemi kwamba safu ya juu ya Wamarekani itupwe. Tauni si hadithi ya kale kwa mtu anayeishi ng'ambo ya Tanga. Wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga, ilisumbuliwa na tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, na vyombo vinavyotoka Tanga hutia nanga katika bandari zetu. Mwaka 2017 Madagascar ilipata tauni, sehemu kubwa ikiwa ya mapafu, ile inayoambukizwa kwa pumzi; walioripotiwa kuugua walizidi 2,400 na waliofariki walizidi 200, na Shelisheli, ambao ni watu wa visiwa kama sisi, walisitisha safari za ndege za kwenda huko. Marburg imetokea Kagera mara mbili ndani ya miaka miwili: iliyotangazwa Machi 2023 iliua watu sita, na iliyotangazwa Januari 2025 iliondoka na watu kumi, wote waliohesabiwa kuwa wagonjwa. Kagera ni mbali na Pemba kwa ramani. Kwa basi na boti si mbali.

Kigezo cha tatu, hofu ya umma, ndicho ambacho wataalamu wetu hukipita haraka kama kwamba ni jambo la waandishi wa habari, nami ndicho ninachotaka kukaa nacho zaidi. Mtu yeyote aliyekuwa Pemba mwaka 1995 hahitaji kuelezwa hofu inavyosafiri. Popobawa, jinni aliyesemekana kuwavamia watu usiku majumbani mwao, hakuwa na kimelea wala sampuli, lakini watu waliacha vitanda vyao wakalala uani kwa makundi, wakawasha moto, wakakesha, na habari ikavuka bahari hadi Unguja kabla ya boti ya asubuhi. Simdhihaki mtu yeyote kwa hilo, kwani nami nilikesha. Ninachosema ni kwamba jamii yetu ina historia yake ya hofu, na anayepanga daraja za vitisho bila ya kuijua historia hiyo atapanga nusu ya kazi. Mwezi wa Oktoba 2001, wakati dunia nzima ikiogopa bahasha, ilitangazwa Kenya kuwa barua moja imekutwa na kimeta, na vipimo vya baadaye havikuthibitisha hivyo. Lakini hofu ilikwisha kulipwa. Kinyume chake ni Lindi, Julai 2022, pale watu wa Ruangwa walipoanza kuugua homa na kutokwa na damu puani. Watu 20 waliugua na watatu wakafariki. Mitaani ikawa ni Ebola, ikawa ni Marburg, ikawa ni mambo ambayo siyaandiki hapa. Vipimo vya Ebola na Marburg vilipoonyesha kuwa hazipo, na siku chache baadaye ikatangazwa waziwazi kuwa ni homa ya mgunda, inayotokana na vimelea vya kwenye mkojo wa wanyama kama panya, joto lilishuka. Kilichoishusha hofu ni jina sahihi la maradhi, lililosemwa kwa Kiswahili, na mtu mwenye dhamana, kwa haraka. Hilo nalo ni matayarisho, sawa na akiba ya dawa.

Lipo funzo jengine ambalo jadweli la A, B na C linalificha, nalo ni kwamba tukio la makusudi halijitangazi. Mwaka 1984, katika mji mdogo wa The Dalles, jimbo la Oregon, watu 751 waliugua salmonela baada ya kundi moja la kidini kutia vimelea kwenye vyakula vya mikahawa kwa makusudi. Hakufa mtu. Wachunguzi wa afya walidhani mwanzo kuwa ni uchafu wa wahudumu wa jikoni, na ukweli ulijulikana mwaka uliofuata tu, tena kwa njia ya uchunguzi wa jinai. Kama wao, na maabara zao zote, walikaa mwaka mzima, sisi ambao mwaka 2024 tulipokea watalii zaidi ya laki saba katika visiwa vyenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, tutalitambuaje jambo kama hilo katika hoteli ya pwani ambako mgonjwa wa kwanza amekwisha kupanda ndege kurudi kwao kabla wa pili hajaanza kutapika?

Tuje nyumbani kabisa. Mwezi wa Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki, na watu 78 walilazwa, baada ya kula nyama ya kasa. Mwaka 2021 watu saba walikwisha kufa hapa Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Waliougua walijua walichokula, na hilo liliufupisha uchunguzi. Lakini tuchukulie kwa dakika moja kwamba hawakujua, au hawakutaka kusema, maana kasa analindwa na kumla kuna aibu na khofu ya sheria. Mezani kwa tabibu kungekuwa na kundi la watoto wa kijiji kimoja, wamelegea, wanatapika, wengine wanakata roho, bila ya homa ya kueleweka. Jadweli la safu tatu lingemsaidia nini tabibu huyo? Angelisoma lote asione mahali pa kuanzia, kwa sababu limepangwa kwa majina ya maradhi, na yeye jina hana. Alichonacho ni tukio.

Kwa hiyo pendekezo langu la msingi ni kwamba daraja letu la kwanza kabisa lisiwe na jina la maradhi hata moja. Liwe ni tukio lisiloelezeka: watu zaidi ya kawaida, wa mahali pamoja au waliokula, kunywa au kusafiri pamoja, wenye dalili za kufanana, au hata mgonjwa mmoja mwenye dalili ambazo tabibu mzoefu hajapata kuziona. Hilo lipigiwe simu saa ile ile, kabla ya sampuli na kabla ya jina. Si fikra yangu tu. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, hazimsubirishi mtu mpaka ajue kimelea. Zinauliza kama athari kwa afya ya umma ni kubwa, kama tukio si la kawaida au halikutarajiwa, kama linaweza kuvuka mipaka, na kama linaweza kuleta vizuizi vya safari au biashara. Majibu mawili ya ndiyo yanatosha, na nchi hutakiwa kuliarifu Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kulipima tukio. Kifungu cha saba cha kanuni hizo kinataka taarifa itolewe bila ya kujali asili au chanzo cha tukio, maneno yanayomaanisha kuwa tabibu hatakiwi kuthibitisha kama kuna mkono wa mtu. Na mwaka 2018 Shirika hilo hilo, lilipopanga maradhi ya kutangulizwa katika utafiti, liliweka nafasi kwa maradhi ambayo bado hayajulikani, likaipa herufi X. Kama dunia imeweza kulipa jina jambo isilolijua, Wilaya ya Mkoani, hapa Pemba, nayo inaweza.

Chini ya daraja hilo ndipo yapangwe maradhi yenye majina, kwa maswali yale manne, lakini yakijibiwa na watu wa hapa: daktari dhamana wa wilaya, mtu wa maabara, mtu wa mifugo, mtu wa maji, afisa wa bandari, sheha. Mimi ningeanza na kipindupindu, tauni ya mapafu, Marburg na wenzake, kisha kimeta, kwa kuwa ng'ombe na mbuzi wanavushwa kutoka Bara na wengi zaidi huvushwa kukaribia Iddi. Ndui ningeiweka mahali pa peke yake, kwa kuwa mgonjwa mmoja tu popote duniani ni habari ya dunia nzima. Wengine wanaweza kupanga vyengine, na ninatumai watapinga, maana orodha iliyobishaniwa hukumbukwa.

Kuna fundo jengine ambalo haliwezi kufunguliwa na Wizara ya Afya peke yake. Afya si jambo la Muungano. Polisi, ulinzi na usalama, na mambo ya nje ni mambo ya Muungano. Mgonjwa akiletwa kituoni ni wa Serikali ya Mapinduzi. Pale alipougulia pakishukiwa kuwa pana jinai, mahali hapo ni pa Jeshi la Polisi. Taarifa ikihitajika kwenda Geneva, makao ya Shirika la Afya Duniani, inakwenda kwa jina la Jamhuri ya Muungano. Tanzania, iliyotia saini Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kibaiolojia mwaka 1972, iliuridhia mwaka 2019, na wajibu wa mkataba huo haukuishia Chumbe. Uwezo wa kukabiliana na dharura za afya ulipotathminiwa kwa utaratibu wa kimataifa, Bara ilitathminiwa mwaka 2016 na Zanzibar peke yake mwaka 2017, na miongoni mwa mambo yanayoulizwa katika tathmini hiyo ni namna afya na vyombo vya usalama vinavyoshirikiana. Swali langu ni dogo kuliko tathmini: saa nane ya usiku, tabibu wa kisiwa cha Kojani akishuku tukio, anampigia nani, na huyo naye anampigia nani, na katika mlolongo huo ni nani mwenye ruhusa ya kusema "tumeanza" bila ya kungoja barua? Kama jawabu lipo, lichapishwe kwenye karatasi moja na libandikwe ukutani. Kama liko kwenye faili, tabibu hana faili hilo.

Bahari nayo iingie kwenye hesabu. Pemba ina watu 543,441 kwa sensa ya 2022, na imetengwa na Unguja kwa mkondo ambao wakati wa kusi haumheshimu mwenye haraka. Nakumbuka sampuli moja, zamani kidogo, niliyoifunga mwenyewe kwenye barafu ili ipelekwe Dar es Salaam. Chombo hakikuondoka, barafu ikayeyuka, ikafungwa upya, na ilipofika iliambiwa haifai. Mgonjwa alipona, Alhamdulillahi, na mpaka leo hatujui aliugua nini. Tunayo maabara ya afya ya jamii ya Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambayo ni fahari ya kisiwa hiki. Katika kupanga daraja naomba kila jina liandikiwe pembeni yake: kipimo cha awali kinaweza kufanyika Wawi au la, na kama la, sampuli itavushwa kwa chombo gani hali ya hewa ikiwa mbaya. Vivyo hivyo kwa dawa. Tauni na kimeta hutibiwa kwa dawa ambazo si ngeni wala si ghali, kama doksisiklini, siprofloksasini na jentamaisini, lakini dawa iliyoko bohari ya Unguja wakati boti imezuiwa ni sawa na dawa iliyoko Ulaya. Akiba ya siku za mwanzo na ikae upande huu wa mkondo.

Nimeshaambiwa na rafiki zangu kuwa mada hii haifai kujadiliwa hadharani, kwani itawapa watu wabaya fikra. Nimelipima neno hilo kabla ya kuandika. Orodha ya A, B na C imekuwa wazi kwa ulimwengu tangu ilipochapishwa, na humu sikuandika wala sitaandika namna chochote kinavyotengenezwa au kutumiwa. Yanayostahili siri ni kiasi cha akiba, mahali ilipo na ulinzi wa maabara. Namba ya simu ya kuripoti si siri. Wengine wamenambia kuwa vituo havina hata glavu za kutosha, basi ugaidi wa nini? Hao wananielewa vizuri zaidi kuliko wanavyodhani, kwa sababu karibu kila kitu ninachokiomba, simu inayopokewa, sampuli inayofika, dawa iliyopo na tangazo la Kiswahili lisilochelewa, kitafanya kazi kwanza dhidi ya kipindupindu cha masika yajayo.

Naomba basi Wizara na Kamisheni ziitishe kikao cha kupanga daraja hizo, kifanyike Pemba na si Unguja peke yake, kwa Kiswahili, na rasimu yake isomwe na matabibu wa vituo kabla ya kupitishwa. Baraza la Wawakilishi naliomba liulize, katika kikao chochote kitakacholifaa, ni mamlaka gani hasa yenye kauli ya mwanzo tukio linaposhukiwa kuwa la makusudi. Mimi niko tayari kuja kwa nauli yangu na kukaa nyuma.

Yule tabibu bado yuko kazini, sasa na mvi mbili tatu. Karatasi ile ameibandika ndani ya mlango wa kabati la dawa, na pembeni ya kipindupindu amelikata B kwa kalamu nyekundu, akaandika A. Siku nilipoiona nilimuuliza kwa amri ya nani. Akanambia anangoja waraka.

Wabillahi tawfiq.

Wenu katika kazi,
Mstaafu wa kada ya afya,
Chake Chake, Pemba